Mchekeshaji Akivua Kinyago

Katika miezi hii tumeulizwa mara nyingi, na hasa na vijana, juu ya watu wanaochekesha katika televisheni na katika simu. Je, hayo wayasemayo juu ya serikali na vyama ndiyo yaliyomo nyoyoni mwao, au ni mchezo tu wa kutafuta riziki? Hapa kwetu Nyarero swali hili limefika kwa njia ya ugomvi. Ndugu wawili wa nyumba moja walikuwa wakitazama mchezo wa zamani wa Kenya, katika ile kazi iliyoitwa Redykyulass, ambamo Rais Daniel arap Moi aliigizwa kwa sauti yake na kwa rungu lake. Mkubwa akasema kwamba hao ndio watu wa kweli, watetezi wa wanyonge. Mdogo akamjibu kwamba mmoja wao sasa ni mbunge wa chama kinachotawala, na kwa hiyo wote ni wanafiki. Maneno yakazidi mpaka mama yao akaizima simu.

Sisi twaona ndugu hawa wamekosea mahali pamoja, ingawa kila mmoja amefika kwa njia yake. Wote wawili wameuchukua mchezo kuwa ni kiapo. Mkubwa asema kiapo hicho ni cha kweli, na mdogo asema kimevunjwa. Lakini hapakuwa na kiapo. Na lile neno "mnafiki" si neno la kutupiana kama kokwa la embe. Ni neno zito katika dini yetu, na mwenye kulitoa juu ya Mwislamu au asiye Mwislamu yampasa awe na hoja nzito kuliko kipande cha picha cha nusu dakika.

Waama, watu wa nchi hii tusingepasa kupotea katika jambo hili, kwani tumelelewa katika utani. Mtani huja msibani, ilhali maiti yu ndani, akaiga mwendo wa marehemu, akamwita mchoyo, akadai deni ambalo halikuwapo. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna hata mmoja atokaye pale akasema kwamba bwana yule amekifurahia kifo. Kwa nini? Kwa sababu watu wote waliopo wamjua yeye ni nani kwa marehemu, waijua mipaka ya utani, na wajua ya kuwa baada ya saa moja ndiye atakayeshika jembe kwenye kuchimba kaburi. Maneno ya mtani hayafasiriwi peke yake. Hufasiriwa na ule ujamaa uliopo baina yake na anayetaniwa.

Televisheni imeudhoofisha ujamaa huo, na simu imeumaliza. Mtu asiyejulikana hukata kipande cha mchezo, akakitoa mwanzo wake na mwisho wake, akakituma. Kipande hicho huvuka Isebania na Sirari, kikapanda vilima vya Tarime, kikamfikia kijana ambaye hajui mchezaji ni nani, amchezea nani, wala ni mwaka gani. Hapo ndipo utani hugeuka kuwa habari, na habari ikageuka kuwa ushahidi.

Wala si jambo jipya. Nani katika sisi hakusimuliwa na bibi yake habari za Abunuwasi, mwerevu aliyemshinda sultani kwa hila? Watoto wengi wamekua wakidhani kwamba mtu huyo aliishi kama alivyosimuliwa, akiwacheza shere wakubwa na kuwaonea huruma maskini. Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi, mzaliwa wa Ahwaz katika nchi ya Waajemi, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 814, miaka michache baada ya Harun al-Rashid. Alijulikana kwa mashairi ya mvinyo na ya uwindaji, na aliishi kwa fadhila za wakubwa, kama walivyoishi washairi wengi wa zama zake. Yule wa hadithi ni mwingine kabisa, aliyefinyangwa na vinywa vya watu kwa karne nyingi, kwa kuwa watu walihitaji mtu wa kumcheka mfalme kwa niaba yao. Jina ni moja, na watu ni wawili.

Basi na turudi kwa Redykyulass, kwani hapo ndipo pana funzo kubwa kuliko mahali pote.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana watatu, Walter Mong'are aliyejulikana kwa jina la Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie, walifanya jambo ambalo wazee wao wasingethubutu kulifanya hadharani: walimwiga Rais aliye madarakani. Nyambane ndiye aliyekuwa Moi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na katika kicheko kile hofu ya miaka mingi ilipungua. Moi akaondoka madarakani mwezi wa Desemba 2002. Wengi waliotazama waliamini kwamba vijana hawa watatu wana moyo mmoja na siasa moja, na ya kuwa siasa yenyewe ni ile ya mtazamaji.

Yaliyofuata yaonyesha vingine. Kiarie aligombea ubunge wa Dagoretti mwaka 2007 kwa tiketi ya ODM, chama cha upinzani wakati huo, akashindwa. Mwaka 2017 akaupata ubunge wa Dagoretti Kusini kwa tiketi ya Jubilee, chama kilichokuwa kikitawala, na mwaka 2022 akachaguliwa tena kwa tiketi ya UDA, chama cha Rais William Ruto. Mwezi wa Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, alisimama bungeni akatia shaka ukweli wa picha za maandamano zilizokuwa zikienea katika simu. Nyambane naye alifanya kazi katika ofisi ya Rais wakati wa Uhuru Kenyatta, na mwaka 2022 akataka kugombea urais yeye mwenyewe, ila Tume ya Uchaguzi ikamwondoa katika orodha kabla ya siku ya kura. Tony Njuguna alibaki katika uchekeshaji.

Mchezo ulikuwa mmoja, na njia zimekuwa tatu. Laiti mzaha ungalikuwa ni siasa ya mtu, watatu hawa wangalielekea upande mmoja. Hatusemi kwamba Kiarie ametenda vema au vibaya bungeni. Hilo ni la watu wa Dagoretti Kusini kulipima, na wapime kwa kura zake, kwa hotuba zake na kwa kazi aliyoifanya jimboni. Twasema tu kwamba mwenye kumpima kwa michezo ya mwaka 2000, ama kwa kumsifu ama kwa kumlaani, ameshika mizani isiyokuwa na mawe.

Tena huko huko Kenya palikuwa na Benson Wanjau, aliyependwa Afrika Mashariki yote kwa jina la Mzee Ojwang katika mchezo wa Vitimbi wa KBC. Alikisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo mpaka watu wengi wa upande wetu wa ziwa wakaamini ni Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Alipofariki mwezi wa Julai 2015 wako waliolijua hilo kwa mara ya kwanza. Na kwetu Tanzania, Mzee Majuto wa Tanga, ambaye jina lake ni Amri Athumani, aliyefariki mwezi wa Agosti 2018, alionekana katika filamu zake kuwa mzee mbishi, mlafi na mwenye kupenda hila. Je, katika waliomswalia alikuwapo aliyetoa ushahidi juu yake kwa kutumia filamu?

Sisi watu wa Tarime tumelionja jambo hili kwa upande wa uchungu. Wachekeshaji wakitaka kumwonyesha mtu mkali humvika Ukurya: huikaza sauti, husema "mura" kila baada ya neno, na hushika panga. Wengi wetu hukasirika, na wengine husema kwamba mchekeshaji fulani atuchukia. Hapa yataka tutenganishe mambo mawili. Madhara ya mchezo ni jambo moja, na nia ya mchezaji ni jambo jingine. Kijana wetu akienda kusoma mbali akakuta wenzake wamekwisha kumhukumu kuwa ni mtu wa ugomvi kabla hajafungua kinywa, hayo ni madhara, na tuna haki ya kuyalalamikia hata kama mchekeshaji atupenda kama ndugu zake. Hatuna haja ya kuufungua moyo wake ili tuseme kwamba mzaha wake umetuumiza. Na kinyume chake ni kweli vile vile: kuumizwa kwetu hakututhibitishii kwamba atuchukia.

Jirani yetu Butiama atupa mfano mwingine. Yuko mwigizaji Steve Nyerere, ambaye jina lake la nyumbani ni Steven Mengele, na hilo jina la Nyerere amelipata kwa sababu huiga sauti ya Mwalimu Julius Nyerere kiasi cha kumshtua msikilizaji. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mtu akisikia sauti ile leo, nafsi yake hutaka kuitii kabla hajauliza ni nani asemaye. Steve Nyerere ni mtu wa CCM, naye hakuficha. Hiyo ni haki yake kama raia yeyote. Lakini anaposema jambo la siasa, hilo ni la kwake, si la Mwalimu, na sauti ya Butiama isimwongezee hata punje moja ya uzito. Mwalimu mwenyewe alikuwa mfasiri wa Shakespeare. Alimtia Shailoki maneno ya Kiswahili katika Mabepari wa Venisi, na hatujamsikia mtu aliyesema kwamba kwa hiyo Mwalimu alitaka kukata ratili ya nyama kifuani mwa mdeni. Vitabuni twaelewa upesi. Penye uso na sauti ndipo tupotewapo.

Ama wenye mamlaka nao wamekosea kosa lile lile la ndugu wawili wa Nyarero, na kosa lao lina pingu. Mwezi wa Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa kwa Rais John Magufuli, mchekeshaji Idris Sultan alitoa picha ambamo nyuso zimebadilishwa: wa kwake umewekwa penye kiti cha Rais, na wa Rais umewekwa penye mwili wake. Akaitwa polisi akahojiwa. Mwezi wa Mei 2020 akakamatwa tena baada ya kuenea video ambamo aliicheka picha ya zamani ya Rais akiwa katika suti kubwa kuliko mwili. Alikaa mahabusu zaidi ya juma moja, na alipofikishwa mahakamani shitaka lililosomwa lilihusu usajili wa laini ya simu. Zingatia hili, ndugu msomaji. Safari ile ya pili hapakuwa na maneno ya kufasiriwa. Palikuwa na kicheko tu. Kicheko hakisemi ndiyo wala hapana. Mtu huweza kumcheka baba yake aliyevaa kanzu ya kaka yake, na baada ya hapo akampelekea uji. Nchini Uganda, mwezi wa Julai 2020, wachekeshaji wa kundi la Bizonto nao walikamatwa wakatuhumiwa kuchochea ubaguzi, kwa mchezo uliotaja wakubwa wengi wa serikali na sehemu ya nchi wanakotoka. Kundi hilo hucheza kama watu wenye wazimu. Kinyago chao ni wazimu, na dola ikakijibu kinyago kana kwamba ni ilani ya chama.

Na tusidhani kwamba kosa hili ni la wasiosoma au la wenye vyeo. Marekani alikuwako Stephen Colbert, ambaye tangu mwaka 2005 mpaka mwaka 2014 aliongoza kipindi ambamo yeye alijifanya mtangazaji mwenye siasa za mrengo wa kulia, mwenye kiburi na asiyetaka kusikia hoja. Kwa kujifanya hivyo aliwadhihaki watangazaji wa namna hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 332. Wa mrengo wa kushoto na wa kulia walimwona anachekesha sawasawa. Lakini wa mrengo wa kulia walielekea zaidi kuamini kwamba Colbert asema kweli ayasemayo na kwamba anajifanya tu kutania. Kila kundi lilitazama kioo kile kile likauona uso wake lenyewe.

Hili lisemwe majumbani, kwani ndilo liletalo maradhi. Atakaye kusikia kwamba mchekeshaji ni wa chama chake atasikia hivyo. Atakaye kumchukia atapata sababu.

Je, basi hapana njia ya kujua? Ipo kwa kiasi chake. Mwezi wa Septemba 2010 Colbert aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza habari za vibarua wageni wa mashambani. Akasema kwa sauti ile ya kujifanya, wabunge wengine wakacheka na wengine wakakunja uso. Mwisho mbunge mmoja akamwuliza kwa nini amelishughulikia jambo hili. Mtu yule akanyamaza kidogo, akaiacha sauti ya kinyago, akasema kwa sauti yake kwamba apenda kuwasemea watu wasio na nguvu, na ya kuwa wahamiaji hao hufanya kazi yetu ilhali hawana haki. Hayo aliyasema yeye. Yale mengine aliyasema yule mwingine. Mwenye kusikiliza kwa makini aliusikia mpito, kama tusikiavyo imamu aliyekuwa akihadithia alipoanza kutoa fatwa.

Kwa hiyo la kwanza la kutafuta ni maneno aliyoyasema mtu huyo nje ya mchezo: katika mahojiano, mahakamani, mazishini, mbele ya bunge. La pili, ambalo sisi twalipa uzito zaidi, ni gharama. Misri alikuwako Bassem Youssef, daktari wa upasuaji wa moyo, aliyeanza kuchekesha mwaka 2011 baada ya Mubarak kuanguka. Alipomdhihaki Rais Mohamed Morsi, ndugu zetu wengi walisema kwamba adui wa dini amejitokeza, na mwezi wa Machi 2013 ikatoka amri akamatwe kwa tuhuma za kumtukana Rais na kuudhihaki Uislamu. Waliokuwa wakimchukia Morsi wakampigia makofi. Morsi akaondolewa na jeshi mwezi wa Julai mwaka ule, na daktari akawadhihaki wenye kushika hatamu wapya nao. Kipindi chake kikasimamishwa, kikahamia kituo kingine, na mwezi wa Juni 2014 akakifunga. Wale wapiga makofi walikuwa wamekwisha kunyamaza. Kila mtu na amhukumu apendavyo juu ya adabu ya mizaha yake, na iko ambayo sisi tusingependa isikike sebuleni kwetu. Lakini mwenye kuwacheka wa jana na wa leo, akalipa kwa wote wawili, si haki kumwandika katika daftari la chama chochote.

La tatu ni malipo. Wakati wa uchaguzi wachekeshaji na waimbaji hupandishwa majukwaani, na kijana wa kijijini huona kwamba fulani ampendaye amekuja na fulana ya chama. Huenda akaamini chama hicho kwa moyo wote. Huenda pia amekuja kama ajavyo mpiga ngoma arusini: amelipwa, atapiga vizuri, na usiku atakwenda kwake, yeye si ndugu wa bwana arusi. Kwa nje hawa wawili hawana tofauti. Wala usisahau kwamba maneno ya mchezo aghalabu huandikwa na wengine, na mchezaji huyasoma tu.

Akina baba na akina mama, hatuwashauri mfunge televisheni. Kijana akija na maneno ya mchekeshaji akayataja kama habari, mwulize: hayo aliyasema nani, yeye au yule amwigaye? Umeutazama mchezo wote au kipande? Alipoulizwa nje ya mchezo alijibuje? Aghalabu kijana mwenyewe ataona kwamba hajui, na kutojua huko si aibu. Yako mambo ya moyo wa mtu ambayo hayatuhusu, hata kama mtu huyo ni mashuhuri na uso wake umo katika kila simu ya Tarime.

Na iko siku mchekeshaji huvua kinyago kwa hiari yake. Mwezi wa Februari 2023 Eric Omondi wa Kenya, ambaye kazi yake ilikuwa kuchekesha, alikwenda na vijana vifua wazi mpaka mbele ya Bunge la Nairobi kulalamikia ughali wa maisha, akakamatwa pale pale. Wako waliosema ni mchezo mwingine wa kutafuta jina, na wako waliosema ni uchungu wa kweli. Siku ile hakumwiga mtu. Alisema kwa jina lake juu ya bei ya unga. Basi hapo ulizeni kama unga ulikuwa ghali au haukuwa, na kama aliyoyadai yawezekana au hayawezekani, kama mngemwuliza mtu mwingine yeyote aliyesimama pale.